Kugawana mali na kudai matunzo baada ya talaka Tanzania Bara: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mama mmoja alikuja kwenye meza yetu ya msaada wa kisheria akiwa ameshika bahasha ya kaki kifuani. "Mwanangu, nimeolewa miaka kumi na tisa," akasema. "Nasikia sheria ni nusu kwa nusu. Naitaka nusu yangu." Nikamwuliza nyumba ilijengwa mwaka gani, kiwanja kilinunuliwa kwa fedha za nani, na yeye alifanya nini wakati wa ujenzi. Akainamisha kichwa. "Mimi sikuwa na kazi. Nilikuwa nyumbani tu."

Hilo neno "tu" limewapotezea watu wengi haki yao. Tulikaa naye saa nzima. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya masafa, yuko safarini wiki tatu, nyumbani siku nne. Basi nani aliyekuwa anapokea mifuko ya saruji na kuihesabu? Yeye. Nani alimwagilia tofali maji asubuhi na jioni, akawapikia mafundi, akaenda kugombana na fundi aliyepunguza nondo? Yeye. Mwaka mtoto wa pili alipoanza darasa la kwanza, familia ilikula ugali na dagaa miezi sita ili bati zipatikane. Hayo yote hakuyahesabu kuwa kazi.

Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Kazi ya nyumbani inahesabika kisheria, lakini haijisemei yenyewe mahakamani. Ni wewe wa kuisema, kwa mwaka, kwa mahali na kwa shahidi. Na wewe mume unayeogopa kunyang'anywa kila kitu, ushauri ni uleule: atakayekuja na maelezo kamili ndiye atakayesikilizwa vizuri.

Ninayoyaeleza hapa yanatoka kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, ambayo inatumika Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, na mashauri ya Waislamu huko husikilizwa na Mahakama za Kadhi.

Kabla ya yote, tenganisha madai matatu

Watu wengi huja na dai moja kubwa: "anilipe haki yangu." Mahakama haiwezi kufanya kazi na dai la namna hiyo. Kuna mali mliyochuma pamoja, ambayo mgawanyo wake uko kifungu cha 114. Kuna matunzo yako wewe kama mke au mume, yaliyo kifungu cha 115. Na kuna matunzo ya watoto, ambayo ni haki ya mtoto mwenyewe na yanalindwa pia na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kila dai lina vigezo vyake na ushahidi wake. Ukiyachanganya, upande wa pili utasema "nilishamwachia vyombo vya ndani," kana kwamba makabati na sufuria vimelipa ada ya shule.

Chukua karatasi tatu tofauti leo. Kila utakachokumbuka kiandike kwenye karatasi yake.

Hatua ya kwanza: ndoa ivunjwe kisheria

Mahakama inagawa mali pale inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada ya hapo. Haigawi mali ya ndoa ambayo bado iko hai. Kwa hiyo mtu aliyeandikiwa talaka ya karatasi nyumbani, au aliyerudishwa kwao na wazee wakarejesha mahari, bado ana safari ya kwenda mahakamani.

Safari hiyo inaanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kifungu cha 101 kinasema huwezi kuleta maombi ya talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye baraza, na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mabaraza haya yapo kwenye kata, na yapo ya taasisi za dini yaliyotambuliwa. Baraza halivunji ndoa wala halina mamlaka ya kugawa nyumba. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa litoe cheti. Linaweza kuambatanisha mapendekezo yake, lakini mwamuzi ni mahakama.

Kikague cheti hicho kwa makini kuliko unavyokagua noti mpya. Kiwe kwenye fomu inayotakiwa, si barua ya kawaida ya "tunamleta kwenu fulani." Kiseme waziwazi kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Na kiwe kimetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya siku unayofungua shauri. Yapo mashauri yaliyofika hadi Mahakama ya Rufani, baada ya miaka ya kupanda na kushuka, yakafutwa yote kwa sababu ya kasoro kwenye hatua hii ya baraza. Mgawanyo wa mali ukafutika pamoja nayo, watu wakaambiwa waanze upya. Inauma sana kuona mtu anarudishwa mwanzo kwa ajili ya karatasi moja.

Sheria inaruhusu kuruka baraza katika hali chache: mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi sita, ameitwa na baraza akakataa makusudi kufika, amefungwa maisha au miaka mitano na zaidi, au kuna mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Hata hapo, leta ushahidi wa hali hiyo. Na kama ndoa haijatimiza miaka miwili, utahitaji kwanza kibali cha mahakama kwa kuonyesha kwamba unapata mateso yasiyo ya kawaida.

Kwa waliooana Kiislamu: kama baraza limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya cheti mmoja wenu akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itakubali kwamba ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Angalia mpangilio huo: baraza kwanza, cheti, kisha talaka, kisha mahakama.

Na mliokaa bila kufunga ndoa? Mkiwa mmeishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mume na mke, kifungu cha 160 kinaweka dhana ya ndoa. Ni dhana tu, inaweza kupingwa, hasa ikionekana mmoja wenu alikuwa na ndoa nyingine isiyoruhusu ya pili. Ikisimama, mahakama inaweza kutoa nafuu zilezile. Mashahidi wako wa kwanza hapo ni majirani, mjumbe wa shina na wazazi wa pande zote mbili.

Hatua ya pili: orodha ya mali

Ifanye kabla mambo hayajachacha, ukiwa bado unaingia chumba zinamokaa nyaraka. Piga picha za nyaraka kwa simu na uzihifadhi kwa mtu unayemwamini. Nakala inatosha kuanzia. Usiibe hati za mwenzako, utajitafutia kesi nyingine.

Kwa kila mali andika ni nini, iko wapi, ilipatikana mwaka gani, imeandikwa jina la nani, fedha zilitoka wapi, na thamani yake leo kwa makadirio. Mfano wa mstari mmoja ulioandikwa vizuri ni huu: "Nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja kilinunuliwa mwaka 2011 kwa mauziano yaliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, jina la mume, msingi mwaka 2012, paa mwaka 2015, fedha: mshahara wake, mchezo wangu wa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) na biashara ya vitumbua." Ukiwa na mistari kumi ya namna hiyo, hakimu hana haja ya kukisia.

Usiishie kwenye nyumba na shamba. Fikiria gari na kadi yake, pikipiki ya bodaboda, mifugo, hisa za kampuni iliyosajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa kusajili kampuni), akiba ya SACCOS, salio la benki na la simu, mashine za biashara, bidhaa dukani, na miti iliyopandwa. Shamba la miti ya mbao husahaulika kwa sababu halileti fedha kila mwezi, lakini likifika kuvunwa linaweza kuwa na thamani kuliko nyumba.

Kinachogawanywa ni kile kilichopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja. Kiwanja alichokuwa nacho mmoja kabla ya ndoa ni chake, na vivyo hivyo urithi wake na zawadi aliyopewa yeye binafsi. Ndoa peke yake haibadilishi umiliki. Ila kuna mlango muhimu ambao wengi hawaujui: mali ya mmoja ya kabla ya ndoa ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, na mwenzake au na wote wawili, inaingia kwenye mgawanyo. Alikukuta na chumba kimoja cha tofali za udongo, leo kuna nyumba ya vyumba vinne yenye choo cha ndani na fremu mbili za duka. Hapo huwezi kusema "nilikuwa nayo kabla yako" ukamaliza maneno. Kupaka rangi na kubadilisha vitasa ni jambo jingine. Sheria inataka uendelezaji mkubwa.

Kuhusu jina kwenye hati, mali iliyoandikwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake hadi ithibitishwe vingine, na iliyoandikwa majina ya wote huchukuliwa kuwa sawa kwa sawa. Neno la kushika hapo ni "hadi ithibitishwe vingine." Jina la mume peke yake kwenye hati halimfungii mke mlango, lakini linampa mke kazi ya kuthibitisha.

Mali iliyo kwa jina la mtu wa tatu ndiyo inayosumbua zaidi. Kama mume alinunua kiwanja kwa jina la mama yake, au mke aliweka fedha za biashara kwa jina la kaka yake, mahakama haiwezi kumnyang'anya mtu huyo bila kumsikiliza. Jiandae na uthibitisho wa nani alilipa. Kampuni nayo ni mtu kisheria; unachoweza kudai ni hisa za mwenzako, si gari lililosajiliwa kwa jina la kampuni. Na pale mume ana wake zaidi ya mmoja, tenganisha kwa makini ni ipi ilichumwa na nani na lini. Mke aliyekuja mwaka 2018 hana mchango kwenye nyumba iliyoezekwa mwaka 2009, na wa kwanza hapaswi kuona jasho lake likigawiwa mara mbili.

Hatua ya tatu: zuia mali isipotee

Kuna kipindi kibaya kati ya ugomvi na hukumu ambapo ng'ombe hufa ghafla na magari "huuzwa" kwa binamu. Nyumba ya ndoa ina ulinzi wa pekee: kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuiuza, kuiweka rehani au kuipangisha bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Maslahi yako kwenye nyumba hiyo yanaweza kulindwa kwa kuweka kaveti, yaani tangazo la pingamizi, kwenye ofisi ya msajili wa hati kama ardhi imesajiliwa. Kama haijasajiliwa, peleka barua kwa serikali ya mtaa au ya kijiji, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, maana mauziano mengi ya viwanja hupitia pale.

Shauri likiwa mahakamani, omba zuio la muda. Mahakama ina uwezo wa kuzuia uuzaji unaokusudiwa kukunyima haki, na hata kutengua uliokwisha kufanyika kwa nia hiyo. Ila mnunuzi aliyenunua kwa nia njema na kulipa bei halali analindwa, kwa hiyo kuwahi ni bora kuliko kutengua. Usiende kuvunja kufuli na kuhamisha vitu usiku. Siku ya kusikilizwa, atakayesimulia habari za kufuli ni mwenzako, na utatumia muda wako wote kujitetea.

Hatua ya nne: thibitisha mchango wako

Hapa ndipo shauri linaposhinda au kushindwa, na hapa ndipo naomba utulie usome pole pole.

Kifungu cha 114 kinaiambia mahakama izingatie mambo manne: mila za jamii ya wahusika; kiasi cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi; madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote; na mahitaji ya watoto. Baada ya kuyapima hayo, mahakama ielekee kwenye usawa. Sheria haikusema nusu kwa nusu. Kuelekea kwenye usawa ni mwelekeo, na mchango uliothibitishwa ndio unaoamua utaishia wapi njiani.

Neno "kazi" kwenye orodha hiyo lilizua mabishano ya miaka. Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika: wapo waliosema kazi za nyumbani ni wajibu wa kawaida wa mke na haziingii, wapo waliosema zinaingia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza ubishi katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Kila wakili anaitaja hukumu hiyo. Wasichokisema mara nyingi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao wa nyumba. Mahakama iliona kwamba mume alimpa fedha za kuanzisha mradi wa familia, akazitumia vingine na hakuweza kuzitolea maelezo. Kwa hiyo mahakama haikuishia kuuliza kama ulikuwa nyumbani. Iliangalia kama ulichofanya kiliijenga familia au kiliifuja.

Tangu hapo Mahakama ya Rufani imerudia kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Basi tuandae ushahidi.

Wa fedha ni rahisi: hati za mshahara, taarifa za benki, miamala ya simu, daftari la VICOBA, mkataba wa mkopo, risiti za vifaa vya ujenzi. Risiti zikiwa zimepotea, mwenye duka la vifaa aliyekuuzia bado anaweza kuja kusema.

Wa kazi unahitaji ufundi. Usiseme, "Nilikuwa nalea watoto na kupika." Ni kweli, lakini hakimu amelisikia mara mia na haliunganishi kazi yako na nyumba inayogombewa. Sema hivi, kama alivyosema yule mama tulipomwandaa: "Mume wangu alikuwa safarini wiki tatu kila mwezi. Kuanzia Juni 2012 hadi Desemba 2015 mimi ndiye niliyesimamia ujenzi. Fundi mkuu yupo, ni shahidi wangu wa pili. Nilipokea saruji na kuandika kwenye daftari hili. Nilikuwa nachoma vitumbua kila asubuhi, fedha hiyo ilitulisha mimi na watoto, na ndiyo sababu mshahara wake uliweza kwenda kwenye tofali." Sentensi ya mwisho irudie kwa maneno yako mwenyewe, maana ndiyo inayofunga fundo: ulichofanya wewe ndicho kilichoiachia fedha yake nafasi ya kununua mali.

Daftari lake lilikuwa la shule, kurasa zimekunjamana, na pembeni mtoto alikuwa amechora gari. "Saruji 20, kokoto tripu 1, fundi kachukua elfu thelathini." Nililipenda kuliko nyaraka zote zilizokuwa kwenye bahasha, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kulitunga baada ya ugomvi kuanza.

Mashahidi wawe wachache waliokuwepo kwa macho yao: fundi, jirani, mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule, mwenzako wa kikundi. Dada yako aliyesikia habari kwa simu hatakusaidia sana. Kwa shamba, kumbuka pia Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161: mwanandoa anayechangia kwa jasho lake kwenye uzalishaji, utunzaji au uendelezaji wa ardhi iliyo kwa jina la mwenzake anahesabiwa kuwa na maslahi kwenye ardhi hiyo.

Mwanaume naye alete ya kwake bila haya. Kama alinunua kiwanja kabla ya ndoa, alete mauziano. Kama mke alikuwa na mshahara na hakutoa hata shilingi, aonyeshe ni nani aliyekuwa analipa nini.

Kuhusu mila, utasikia "kwetu mwanamke hagawiwi ardhi." Mila ni moja ya mambo manne, haisimami peke yake, na mahakama zimekuwa zikikataa ile inayobagua. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, kwa Jaji Mwalusanya, ilikataa kanuni ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Usinyamaze mila ikitajwa, jibu.

Na uzinzi? Haumo kwenye orodha ya kifungu cha 114. Nimeona watu wakitumia siku nzima ya mahakama kusoma meseji za mapenzi, wakasahau kutaja shamba la ekari nne. Ugoni unaweza kusaidia kuonyesha ndoa imevunjika, lakini kwenye mali kinachoingia ni kuchuma na kufuja.

Hatua ya tano: piga hesabu, toa madeni, kisha pendekeza namna ya kugawana

Hesabu ifanywe kwa thamani ya leo. Mali ikiwa kubwa, lipia mthamini aliyesajiliwa. Ikiwa ndogo, makadirio mnayokubaliana yanatosha.

Tuchukue mfano. Nyumba ina thamani ya shilingi milioni 60. Kuna mkopo wa SACCOS uliobaki milioni 8, uliotumika kuezeka. Huo ni deni la wote, unatolewa: zinabaki milioni 52. Mume ana mkopo mwingine wa milioni 5 alioutumia kubeti; huo ni wake. Mahakama ikimpa mke asilimia 40, fungu lake ni milioni 20.8. Mume anaweza kubaki na nyumba akamlipa kiasi hicho, au nyumba ikauzwa wakagawana bei, au mke akachukua shamba na pikipiki zenye thamani inayokaribia hapo.

Usiiachie mahakama kazi ya kubuni. Pendekeza. Sema: "Naomba mimi nibaki na nyumba kwa sababu watoto wanasoma shule ya jirani, yeye achukue shamba na gari." Mahitaji ya watoto yametajwa kwenye sheria, kwa hiyo ombi lililofungwa kwao lina mguu wa kusimamia. Mimi huwa sipendi ule mgawanyo wa "chumba cha kulia wewe, cha kushoto yeye." Kwenye karatasi unaonekana wa haki, lakini watu waliotalikiana kwa vita wakichangia uwanja na bomba moja la maji hurudi kwa hakimu kabla mwaka haujaisha.

Kama mnaweza kukubaliana, kubalianeni, na muandike. Mkataba upelekwe mahakamani uingizwe kwenye uamuzi. Makubaliano ya sebuleni mbele ya wajomba, yasiyofika mahakamani, hugeuka mmoja akishaoa au kuolewa.

Hatua ya sita: matunzo yako mwenyewe

Hapa lazima niseme ukweli ambao wengi hawapendi kuusikia. Ndoa ikiwa hai, mume ana wajibu wa kumtunza mke kwa makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Akikataa au akikutelekeza, unaweza kudai hata bila talaka. Unaweza pia kudai wakati shauri linaendelea, na mkitengana kwa amri ya mahakama. Lakini baada ya talaka, kifungu cha 115 kinasema mke hana haki ya matunzo yake binafsi, isipokuwa mahakama iagize kwa sababu maalumu.

Sheria haikuziorodhesha sababu hizo, kwa hiyo ni kazi yako kuzionyesha. Ugonjwa unaokuzuia kufanya kazi, umri mkubwa baada ya ndoa ndefu, au kumlea mtoto mwenye ulemavu anayehitaji mtu muda wote, hizo zina uzito. Leta cheti cha daktari, kadi za kliniki, barua ya ustawi wa jamii. "Nimezoea maisha mazuri" haitoshi.

Mume naye anaweza kudai kwa mke, ila tu kama hawezi kujitafutia riziki, kabisa au kwa sehemu, kwa sababu ya maradhi au kuumia kwa mwili au akili, na mke ana uwezo.

Kiasi hupangwa hasa kwa uwezo wa anayelipa na mahitaji ya anayelipwa. Mahakama huangalia pia mila na ni nani aliyechangia zaidi ndoa kuvunjika. Kwa hiyo hapa, tofauti na kwenye mali, mwenendo una nafasi yake. Andika bajeti ya mwezi isiyotiwa chumvi: kodi 80,000, chakula 150,000, dawa za presha 30,000, nauli 25,000, jumla shilingi 285,000. Kisha onyesha uwezo wake: hati ya mshahara, kodi anayopokea kwenye fremu, idadi ya bodaboda na hesabu ya siku. Anayedai shilingi milioni moja kwa mtu anayeuza genge hupoteza imani ya hakimu hata kwenye yale ya kweli.

Amri ya matunzo inaweza kubadilishwa hali ikibadilika, na haki hiyo huisha ukifunga ndoa nyingine. Waislamu wanaijua pia haki ya matunzo ya eda. Itaje kwenye maombi yako kama haijalipwa. Ya watoto yadai kwenye karatasi yake, hata kama ya kwako umeshindwa. Kuolewa kwako tena hakumwondolei baba wajibu wake.

Hatua ya saba: mahakamani na baada yake

Mashauri ya ndoa yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa wengi, ya Mwanzo ni karibu na nafuu. Kwenye maombi taja kila mali na kila nafuu unayoitaka, kwa sababu mahakama haikupi usichoomba. Siku ya kusikilizwa nenda na nyaraka halisi na nakala, na hakikisha zinapokelewa kama vielelezo. Karatasi iliyobaki mkononi mwako si ushahidi. Mwenzako akisema jambo la uongo, mwulize swali juu yake wakati wa kumhoji. Usipomhoji, inaweza kuchukuliwa kwamba umekubali.

Huna wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na taasisi kama TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia wasio na uwezo. Nenda mapema, si siku moja kabla ya hukumu.

Usiporidhika, muda wa kukata rufaa katika mashauri ya ndoa ni siku 45. Omba nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa, kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri.

Ukishinda, bado hujapata kitu mkononi. Mwenzako asipotekeleza, rudi kwenye mahakama ileile uombe kukaza hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama. Hapo ndipo dalali wa mahakama anapoingia na mali inaweza kukamatwa na kuuzwa. Nyumba ikiwa fungu lako, peleka hukumu ofisi ya ardhi au ya kijiji ubadilishe jina mara moja. Yule mama alipewa sehemu ya nyumba na shamba lote la nyuma. Alikaa na hukumu kabatini miezi minane, akiamini yamekwisha, hadi siku alipokuta watu wanapima shamba kwa kamba. Hati ilikuwa bado inasoma jina la aliyekuwa mume wake.